Kinyongo cha Shangazi

Machi 9, Jumatatu

Robo tu. Fundi alinyoosha kidole kimoja, akakigawa mara nne kwa ukucha wa mkono mwingine, ndiyo nikajua ni robo. Nikazungusha ile skrubu robo, Shangazi akatoa sauti ya fsss, halafu akaanza kushuka. Polepole, kama mtu mzima anayekaa kwenye kigoda. Mifuko arobaini ya saruji, tani mbili kamili, kutoka juu kabisa, na injini imekufa. Hata mfuko mmoja haukutikisika.

Shangazi ni foklifti yetu hapa godauni. Aliitwa hivyo kabla mimi sijaja. Wanasema ni kwa sababu ukimtwisha mzigo analalamika, lakini hakuna mzigo anaoukataa.

Fundi leo alikuwa hawezi kusema, ametoka kung'olewa jino, shavu limevimba kama ameficha ndimu. Wenzangu wakawa wanamuuliza, "Fundi, unasemaje?" Yeye anasema "Mmm." Mimi nilimwelewa vizuri tu. Nadhani ni kwa sababu mimi mwenyewe maneno hayanitoki, nimezoea kutazama mikono ya watu. Kwanza alionyesha macho yake, halafu zile cheni mbili zinazobeba meno ya Shangazi, vile vyuma viwili vya kubebea mzigo. Akavuta hewa kwa ngumi mbili: zimekaza? Nikaitikia kwa kichwa. Akasukuma viganja: watu wakae mbali. Redio akawafukuza. Ndipo akanipa spana, nilegeze nati inayofunga ile skrubu ya kutolea oili, nizungushe skrubu. Robo.

Baadaye akachukua daftari hili ofisini, akaandika kwenye jalada: ANDIKA USISAHAU. Basi naandika. Shule niliacha darasa la tano na mwandiko wangu ni kama kuku amepita, lakini mwenyewe nausoma.

Nimesahau la Redio. Redio ni mwenzetu wa kupakia, tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Shangazi alipokwama, kabla Fundi hajarudi, yeye alimpigia simu Bosi. Nilisikia kwa masikio yangu: "Bosi, Shangazi hali mbaya! Presha imegoma kushuka! Yuko juu amekwama, hapumui! Na Fundi yuko kwa daktari!" Simu ikakatika. Bosi hakuonekana tena kazini mpaka tunafunga. Sijui kwa nini.

Machi 10, Jumanne

Sasa najua kwa nini. Bosi ana shangazi wa damu, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea, na yule mama ana ugonjwa wa presha kweli. Kumbe jana Bosi alikusanya mke, wadogo zake wawili na jirani mwenye gari, wakaenda mbio mvua inanyesha, mke wa Bosi analia njia nzima. Wakafungua mlango wakamkuta yuko juu. Amepanda meza anatundika pazia. Waliposhtuka wote kwa pamoja, naye akashtuka, nusura aanguke na simu ya Redio iwe kweli.

Leo amekuja godauni. Mwembamba, viatu vya mvua vya rangi ya njano.

"Yuko wapi huyo mwenye presha yangu?"

Redio alijificha nyuma ya mabati. Bosi akamwonyesha mashine. Yule mama akaizunguka mara mbili, akaigonga tairi kwa kiatu.

"Mnene."

"Ni chuma, Shangazi," Bosi akasema.

"Hata mimi ni chuma. Nani aliyemshusha?"

Fundi akanionyesha mimi. Nikamwamkia.

"Ehe. Ulimshushaje, kijana?"

Nikafungua mdomo. Skrubu nilikuwa naiona, nati naiona, kila kitu kiko kichwani kimepangwa. Hakikutoka kitu.

"Huyu amemeza ulimi?"

"Ulimi upo, Mama," Fundi akasema, leo anasema kidogo, "ila breki zimekamata."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini ndani.

Machi 11

Mvua. Lori mbili.

Machi 13

Mvua. Redio amenipa jina, Kimya. Mpaka asubuhi ilikuwa ni yeye tu, kufika saa nane hata wateja wananiita Kimya.

Machi 16, Jumatatu

Leo Bosi ametuita wote. Fundi anaacha kazi mvua zikiisha. Magoti yake hayataki tena kupanda na kushuka, anakwenda kukaa kwa binti yake. Atakayekaa kwenye kiti cha Shangazi atatoka humu humu, hataki kuleta mtu wa nje. Ila kuna mkaguzi atakuja mwezi wa tano kutoa cheti, na Bosi atampeleka mbele mtu mmoja tu. Kati ya Redio na mimi. Fundi ndiye aliyetaja jina langu.

Bosi akasema, "Kujua mashine ni nusu. Mtu akikaa pale juu, watu wa chini ni wake. Akisema tokeni, watoke. Kama sauti haifiki, huyo ataua mtu." Akanitazama mimi. Hakunitazama vibaya. Angekuwa amenitazama vibaya ingekuwa nafuu.

Redio akajipigia makofi mwenyewe.

Kile kiti nakitaka. Naandika hapa kwa sababu kukisema siwezi. Napakia mifuko tangu nina miaka kumi na sita, sasa nina ishirini na mbili, na bega langu la kulia linalia kweli, asubuhi navaa shati kwa mkono mmoja. Ndani kuna vumbi la saruji, nje kuna mvua. Pale juu kuna kiti, na kuna vijiti vitatu tu, pandisha, shusha, inamisha. Nimevitazama miaka sita.

Dada nilipomweleza nyumbani akasema, "Usimwogope yule. Debe tupu haliachi kuvuma." Shemeji akasema, "Na debe lililojaa likinyamaza sana, watu watajuaje kama lina kitu?" Dada akamwambia ale chakula chake.

Machi 19, Alhamisi

Fundi ametufundisha kinyongo. Hilo ni neno lake. Anasema mashine ukiizima, injini imenyamaza lakini oili ndani ya mipira, yale mabomba yake meusi, bado imebanwa, haijasahau. Hicho ndicho kinyongo. Ukimfungua Shangazi mpira wakati ana kinyongo, atakutemea.

Kukitoa: shusha meno mpaka yaguse sakafu. Zima injini. Halafu chezesha vijiti vyote mbele na nyuma, mara tano, sita, mpaka aache kunung'unika. Ndipo ushike spana.

La pili: ukitafuta oili inakovuja, usipapase kwa mkono. Tumia kipande cha katoni. Oili iliyobanwa ikitoka kwenye tundu dogo ni sindano, inaingia kwenye nyama hata huisikii, na kidole kinaoza. Alimjua mtu. Hakusema zaidi ya hapo na hatukumuuliza.

La tatu, na hili alilisema mara mbili: akikwama juu, kabla ya kugusa skrubu tazama cheni. Zimekaza, mzigo uko kwa Shangazi, mshushe kwa skrubu, robo. Zimelegea, basi kuna kitu kingine kimemshikilia, na skrubu usiiguse. Mpandishe kwanza mpaka zikaze.

"Unataka ashuke, unampandisha?" Redio akauliza.

"Ndiyo."

"Fundi, hiyo ni kama kumwambia mlevi aende nyumbani kupitia baa."

Fundi mwenyewe alicheka mpaka akashika shavu.

Machi 22, Jumapili

Sijui kama niandike. Nitaandika.

Leo si kazini, nikasema nifanye mazoezi ya sauti. Maneno ambayo mwenye kiti anatakiwa kuyapigia kelele ni "Ondokeni chini!" yaani watu wasikae chini ya mzigo. Nikangoja Dada atoke, nikaingia bafuni, nikafungulia maji. Mara ya kwanza ikatoka kama mtu anaomba chumvi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikafumba macho nikaivuta kutoka tumboni: ONDOKENI CHINI!

Ikatoka. Nikafurahi, nikarudia mara nne.

Sisi tunakaa ghorofani. Chini kuna wapangaji wengine, mzee mmoja mshonaji na mkewe, na wana miezi miwili wanavutana na mwenye nyumba. Nilipotoka bafuni nikamkuta mshonaji yuko mlangoni kwetu amesimama na cherehani mkononi.

"Mwambie aliyewatuma," akasema, anatetemeka, "kwamba chini hatuondoki. Kodi tumelipa mpaka mwezi wa sita!"

Nikataka kumweleza. Yaani kila neno lilinikimbia. Mkewe huko chini anafunga sufuria kwenye shuka. Ikabidi Dada arudi, nimpe daftari hili, asome, ndipo amsomee mshonaji kinyongo, skrubu na vyote. Mshonaji akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akatoa kitambaa.

"Sauti unayo, mwanangu," akasema. "Tafadhali isibaki humu ndani."

Machi 24

Mvua. Shati la Fundi limeshonwa kiwiko bure, mshonaji kakataa nilipe. Kila akiniona anauliza, "Tuondoke au tubaki?"

Machi 28, Jumamosi

Redio kapakwa oili. Mpira wa upande wa kushoto ulikuwa umechoka, Fundi akamwambia aufungue wabadilishe. Meno yalikuwa chini, injini imezimwa. Vijiti hakuchezesha. Nilimwona, nikajua, na sikusema. Nikajiambia labda ameshachezesha sijaona. Uongo. Mimi naona kila kitu.

Spana ilipozunguka tu, Shangazi akamtemea kutoka kidevuni mpaka mkanda. Shati jeupe, jipya, alikuwa anakwenda kwenye posa ya rafiki yake. Watu walilala chini kwa kicheko. Redio naye akainua mikono akasema, "Jamani, nimebatizwa!" akawachekesha tena.

Fundi hakucheka. Alimshika Redio viganja, akavigeuza, akatazama kidole kimoja kimoja kama anatafuta mwiba. Havikuwa na kitu. Halafu akanitazama mimi.

"Ulimwona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi na wewe una oili shatini," akasema, akaenda zake.

Aprili 2

Mvua. Sikulala vizuri na nasikia aibu bado. Nimejiandikia kwenye jalada la nyuma: SEMA.

Aprili 7, Jumanne

Tunafundishwa kuendesha, siku moja mimi, siku moja Redio. Redio anaendesha kwa raha, anaimba, watu wote chini wanajua anakwenda wapi kwa sababu anawatangazia. Mimi naweka paleti, ile mbao inayopangwa mifuko, mahali pake kama naweka yai, lakini watu wanapita chini yangu kama sipo. Leo Bosi mwenyewe alisimama chini yangu akiongea na simu. Nikazima injini nikangoja amalize. Dakika kumi na moja. Aliponiona nimekaa tu akauliza, "Imeharibika?"

Aprili 10

Mvua. Maji yamefika kwenye kizingiti cha mlango mkubwa.

Aprili 14

Mvua. Shangazi wa damu amekuja tena. Sasa anakuja kila wiki, eti kumjulia hali mwenzake. Leo aliniuliza kama nimeutapika ule ulimi. Nikamwambia, "Bado, Mama." Akasema, "Hayo ni maneno mawili. Tunakwenda."

Aprili 21, Jumanne

Naandika taratibu, nisiruke kitu.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa nne mtaro wa nje ukaziba, maji yakaanza kuingia godauni, kwanza kama mate, halafu kama mto mdogo. Saruji iliyokuwa sakafuni ilibidi ipande yote kwenye rafu za chuma. Fundi alikuwa ametoka na lori kuleta dizeli. Siku ya leo ilikuwa ya Redio, kwa hiyo Bosi akamwambia Redio apande. Sisi wengine tukawa tunabeba mifuko mabegani. Shangazi wa damu alikuwepo, alimletea Bosi dawa ya kikohozi na mvua ikamfungia, amewekewa kiti cha plastiki karibu na rafu kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu.

Redio alifanya vizuri. Nasema kweli. Paleti kumi na mbili alizipandisha bila kusimama, anaimba. Ya kumi na tatu akaifikisha rafu ya juu, akaona nafasi haitoshi, akaanza kuishusha aipeleke kwingine. Ikagoma. Akasukuma kijiti cha kushusha mpaka mwisho, meno hayaji.

"Shangazi kakwama tena!" akapiga kelele. "Ana kinyongo! Ngojeni, dawa yake naijua!"

Akazima injini, akaruka chini, akachukua spana. Bosi maji yako kwenye vifundo vya miguu anasema, "Haraka, haraka, kijana wangu!" Na watu wote wakasogea kutazama, maana siku ile ya kwanza ilikuwa kama mchezo wa kuigiza, walitaka kumwona tena anavyoshuka.

Mimi nilikuwa na mfuko begani natokea upande wa pili. Nikatazama cheni.

Zilikuwa zinaning'inia. Zimelegea kama mkanda wa mtu aliyekonda. Nikafuata kwa macho mpaka mbele, nikaona: ncha ya jino moja imekaa juu ya chuma cha rafu. Upana wa vidole viwili, si zaidi. Redio alipokuwa anasukuma kijiti, oili ilikuwa inatoka kweli, ila meno hayashuki kwa sababu rafu imeyadaka. Kwa hiyo mzigo haukuwa kwa Shangazi tena, ulikuwa kwenye vidole viwili vya chuma chenye maji. Na Redio ameanza kulegeza nati ya skrubu. Akifungua na skrubu, oili itazidi kwisha, cheni zitazidi kulegea, na ile ncha ikiteleza tani mbili zinakuja zote bila breki. Chini yake kuna watu saba, na mama mmoja mwenye viatu vya njano amekaa kwenye kiti.

Sikufikiri. Watu wananiuliza ulifikiri nini. Mfuko uliniteleza begani, na sauti ikatoka.

"ONDOKENI CHINI! REDIO, ACHA SKRUBU! CHENI IMELEGEA! MAMA, TOKA!"

Waliruka. Wote, kama kuku waliomwagiwa maji. Bosi alimbeba shangazi yake mzima mzima kama paleti. Redio aliachia spana ikaanguka majini. Hata mimi niligeuka kutazama nani anapiga kelele.

Ikasikika mvua tu juu ya mabati. Sekunde labda tano. Ndipo ile ncha ikateleza. Shangazi akashuka shibiri moja kwa kishindo, cheni zikadaka, PAA, na mfuko mmoja wa juu ukaruka ukaja ukatua juu ya kiti cha plastiki. Kiti hakikuvunjika, kilipotea. Palibaki miguu miwili ya kiti na wingu la saruji.

Shibiri moja, kwa sababu Redio alikuwa amelegeza nati tu. Skrubu yenyewe alikuwa hajaizungusha.

Nikaenda. Nikakaza nati. Nikatazama cheni, sasa zimekaza. Nikapanda kwenye kiti, nikawaambia, "Bado msikaribie," na hawakukaribia. Nikawasha, nikampandisha kidogo, nikarudi nyuma mpaka meno yakawa wazi kabisa na rafu, nikamshusha hadi sakafuni. Nikazima. Nikachezesha vijiti mara sita. Havikuhitaji, hakuna mpira tuliokuwa tunaufungua. Ilikuwa ni kwa ajili yangu.

Wa kwanza kusema alikuwa Shangazi wa damu, mweupe wa saruji mpaka kope.

"Umeutapika," akasema.

Kisha akamgeukia Bosi: "Na wewe nishushe. Mimi sina skrubu."

Fundi aliporudi alikuta tunafagia maji na kila mtu anamweleza kwa wakati mmoja. Alisikiliza wote. Alikwenda akapima kwa vidole pale kwenye chuma cha rafu, viwili, akavitazama muda mrefu.

Aprili 22, Jumatano

Jioni Redio kaja nyumbani na mkate. Hajawahi kufika kwetu. Alikaa kwenye kiti, akanyamaza, Dada akadhani anaumwa.

"Ile sauti uliificha wapi siku zote?" akaniuliza.

"Sijui."

"Nilikuwa na mkono kwenye spana. Unajua ningezungusha ngapi? Si robo. Nilikuwa nimepanga nusu, Bosi aone navyoharakisha." Akavunja mkate, hakuula. "Cheni sikutazama. Fundi alisema mara mbili na mimi nilikuwa natafuta la kuwachekesha watu."

Nikamwambia lile la oili, kwamba siku ile nilimwona hajachezesha vijiti na nikanyamaza. Nilidhani atakasirika.

"Ulitaka nipakwe?"

"Kidogo."

Akacheka, kile kicheko chake cha kawaida, nyumba nzima ikarudi mahali pake. "Basi tumelingana. Mimi nikiona watu wamenyamaza naogopa, ndiyo maana nasema. Wewe je?"

"Mimi nikiona watu wanasema naogopa."

"Mungu katupanga vibaya," akasema. "Sikiliza. Kesho naenda kwa Bosi. Mimi nibaki chini, niwapange watu, hiyo kazi naiweza kuliko mtu yeyote. Juu akae anayetazama."

Nikamwambia asifanye hivyo kwa kunihurumia.

"Nakuhurumia wewe? Mimi nahurumia kichwa changu!"

Alipoondoka Dada akasema, "Kumbe debe lina kitu." Shemeji akafungua mdomo, Dada akamwambia ale chakula chake.

Aprili 27

Mvua, lakini ndogo. Bosi amekubali maneno ya Redio, kwa mkaguzi nitakwenda mimi. Bosi amenunua kiti cha chuma kwa ajili ya shangazi yake na amekiweka nje ya mstari mwekundu. Mstari huo, wa watu kutoupita mzigo ukiwa juu, ni Redio aliyeuchora.

Mei 1

Jua saa mbili nzima. Nati ya skrubu nimeipaka rangi ya njano ionekane. Fundi kasema ni sawa ila nimepaka na suruali.

Mei 5, Jumanne

Mkaguzi alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkubwa mwenye kitambi. Ni mama mwenye umbo dogo na miwani, na sauti yake ni ndogo kuliko yangu. Ilibidi tuinamiane. Bosi na Redio waliokuwa wanachungulia dirishani wanasema tulionekana kama watu wanaopanga wizi.

Alinipa karatasi ya maswali. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na hakuniharakisha. Mawili sikuyaelewa, nikamwambia siyaelewi. Zamani ningejaza tu.

Halafu akaniuliza kwa mdomo. "Mashine imekwama juu na mzigo. Unafanya nini kwanza?"

"Nawaondoa watu. Halafu natazama cheni."

"Zimelegea."

"Sishushi. Napandisha kwanza mpaka zikaze."

Akaandika. "Ukitaka ashuke, unampandisha?"

Jibu la Redio lilinijia mdomoni, la mlevi na baa. Nikalimeza, nikasema ndiyo, nikamweleza sababu yote mpaka mwisho, na kila neno lilikuja lilipoitwa.

"Na watu unawaondoaje? Nionyeshe."

Nikamuuliza nionyeshe kweli au kidogo. Akasema kweli.

Nikaonyesha kweli. Kalamu ilimtoka. Huko nje dereva wa lori la mbao aliinuka kutoka usingizini akakimbia mpaka getini.

Mei 9

Hakuna mvua siku ya tatu. Hakuna majibu pia. Nimebeba mifuko kama kawaida. Redio kila saa anauliza, "Vipi, barua?" Nimemwambia asiulize, basi sasa anauliza kwa nyusi.

Mei 15, Ijumaa

Fundi amemaliza leo. Hakutaka hotuba. Alimzunguka Shangazi akimgusa hapa na pale, akamfungulia kifuniko cha oili akatazama, akakifunga. Kisha akanipa spana yake, ile ndefu, imelika mdomoni kwa miaka.

"Robo," akasema.

"Robo, Fundi."

Binti yake alikuwa anangoja kwenye gari. Alipanda kwa shida, goti moja kwanza. Nilitaka kusema maneno na safari hii yalikuwepo, ila nikamwinulia spana tu. Nadhani alielewa. Alinipungia kwa kidole kimoja.

Mei 18, Jumatatu

Cheti kimekuja. Majina yangu yote matatu yameandikwa, na hakuna Kimya hata mahali pamoja. Bosi alikisoma kwa sauti mbele ya watu, Redio akapiga makofi mpaka mwisho, safari hii hakujipigia mwenyewe. Dada kaniagiza kwa simu nikirudi nacho nisikikunje.

Watu walipotawanyika nikapanda kwenye kiti, tunangoja lori. Kiti kimebonyea kwa umbo la Fundi, upande wa kushoto zaidi. Itachukua muda kubonyea kwa langu. Naandika ukurasa huu humo humo kitini, daftari kwenye goti, bega la kulia limetulia, jua linaingia kupitia matundu ya bati na sakafu ni kavu kabisa.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini lazima niache sasa hivi. Lori la saruji limeingia, dereva anapiga honi, Redio ameshapanga watu wote nyuma ya mstari na mikono yake yote miwili iko hewani ananiita, na hakuna mtu mwingine wa kumwamsha Shangazi. Ufunguo uko mfukoni mwangu.